Linawaka Dar, linagoma Makete: uchambuzi wa lori moja na ukanda wake wa ethi

Simu iliingia saa moja usiku, wiki ya kwanza ya Julai. Mwenye lori alikuwa Dar es Salaam, lori lilikuwa Tandala, Makete, limeshapakia viazi, na dereva alikuwa amemwambia kabisa kwamba kesho alfajiri mambo yatakuwa yale yale. Nilipomaliza kumwamkia mzee, akaanza kunihesabia: mwezi wa tano kanunua betri mbili mpya, mwezi wa sita stata imefunguliwa ikawekwa kaboni na bushi, nozeli zimekwenda kupimwa Makambako na kurudi, filta za dizeli zimebadilishwa mara mbili. “Na bado fundi, kila asubuhi huko juu linagoma. Likishuka huku Dar linawaka ukiligusa tu.”

Nikamwomba arudie hayo maneno ya mwisho, maana ndiyo yaliyokuwa na uzito kuliko orodha yote ya vipuri. Gari likiwaka vizuri kwenye joto na likakataa kwenye baridi, ubovu wake upo saa zote. Joto linauficha tu. Na kama kila fundi aliyeligusa aliligusa saa sita mchana kwenye gereji yenye jua, basi hakuna hata mmoja aliyeukuta.

Nikamwambia, “Mzee, mwambie dereva asubiri siku moja. Viazi havitaharibika kwenye baridi ile. Nitalala huko huko, nilipime likiwa limegoma.” Akakubali, ingawa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipa sana.

Lori lenyewe ni la Kijapani, tani kumi, dizeli ya silinda sita. Betri ni mbili za volti 12 zilizofungwa kufuatana ili kupata volti 24, na zinakaa pembeni mwa chesisi, nyuma ya kabini. Halina plagi ya moto kwa kila silinda kama pikapu ndogo. Lina hita moja ya hewa kwenye manifoldi, inayopasha hewa kabla haijaingia kwenye injini.

Nilifika jioni nikamkuta dereva, mtu mzima wa makamo anayeijua njia ya Makambako, Kitonga na Mikumi kuliko ninavyoijua gereji yangu. Akanionyesha jinsi anavyoishi na lile tatizo, na hapo kusema kweli moyo uliniuma. Njia yake ya kwanza ilikuwa kuegesha kwenye mteremko, asubuhi anaachia gari linashuka, anatia gia mbili na kuachia klachi. Ya pili, pale pasipo na mteremko, ilikuwa jiko la mkaa. Utingo analala mapema, anaamka saa tisa usiku, anawasha mkaa na kulisukuma jiko chini ya sampu ya oili mpaka injini ipate uvuguvugu.

Hizo njia mbili zinatumika sana nyanda za juu, na kila mtu anayo hadithi ya jinsi zilivyomsaidia. Lakini breki za lori hili ni za mafuta zinazosukumwa na upepo, na upepo uliokaa kwenye tangi usiku kucha huvuja. Ukiachia gari lenye magunia ya viazi kushuka mlima wakati injini imezima na geji ya upepo iko chini, huna breki ya kutegemea. Unategemea injini iwake. Isipowaka, chini kuna watu. Nalo lile jiko lilikuwa kwenye hatua moja na nusu kutoka mpira wa dizeli uliokuwa na unyevunyevu kwenye kiungo. Utingo ni kijana wa miaka kama ishirini. Nilimwomba dereva kwa heshima zote kwamba usiku ule lisiwashwe jiko, gari lisiguswe, na liegeshwe mahali tambarare. Akanitazama. “Haya kaka, lakini kesho hatutatoka hapa.”

Saa kumi na moja na nusu alfajiri kipimajoto nilichokiacha juu ya bampa kilisoma nyuzi 4. Nyasi za pembeni zilikuwa na sakitu, zinavunjika ukizikanyaga. Dereva akaja amejifunga blanketi. “Kamwene, fundi.” “Kamwene.” Nikamwambia awashe taa kubwa kwanza, kisha apige stata huku mimi nimesimama mbele.

Nguuu… nguuu… ngu. Halafu kimya.

Injini haikufika hata mzunguko mmoja na nusu. Lakini taa zilibaki na mwanga wake karibu wote, na hilo lilinitosha kuacha kuzishuku betri kabla sijatoa mita mfukoni. Betri iliyochoka, ukipiga stata, taa hufifia mpaka zinakuwa nyekundu kama kaa la moto. Hapa stata ilikuwa inalia kwa njaa na taa zimeshiba. Wote wawili wanakula kwenye sufuria moja. Kama mmoja hapati, basi kilichoharibika ni njia ya kumpelekea chakula.

Nikapima. Betri zikiwa zimetulia zilikuwa na volti 25.1. Dereva akapiga stata tena, nami nikasoma kwenye nguzo za betri: 22.4. Ni kushuka kwa kawaida kabisa kwa alfajiri ya namna ile. Nikahamia chini kwenye stata, kijiti kimoja cha mita kwenye bolti nene inayopokea waya wa betri, kingine kwenye mwili wa stata yenyewe: 15.8. Volti 6.6 zimepotea njiani, na stata iliyoumbwa kufanya kazi kwa 24 inaambiwa izungushe injini ya silinda sita yenye oili baridi kwa 15.8.

Mafundi wengi, na mimi nilikuwa hivyo miaka ya nyuma, tukifika hapo tunakimbilia waya mwekundu. Ni mnene, unaonekana, una kichwa cha kukaza. Nikaupima: kijiti kimoja kwenye chanya ya betri, kingine kwenye bolti ya stata, dereva akipiga. Mita ikasoma hasara ya 0.4. Mimi kwenye gari la volti 24 sikubali zaidi ya nusu volti upande mmoja, kwa hiyo huo umepita. Kisha nikapima safari ya kurudi, kutoka mwili wa stata hadi hasi ya betri. Volti 6.2.

Umeme unaotoka kwenye chanya sharti urudi kwenye hasi, na unarudi kwa wingi ule ule uliotoka. Kwenye lori hili njia ya kurudi ni ndefu: kutoka stata kwenda kwenye bloku ya injini, bloku kwenda giaboksi, giaboksi kwenda chesisi kupitia ukanda wa nyuzi za shaba zilizosukwa, ndio huo ukanda wa ethi, chesisi kwenda hasi ya betri. Injini imekaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Bila ule ukanda, injini ni kisiwa. Nikaigawa njia vipande viwili. Hasi ya betri hadi chesisi: 0.2. Chesisi hadi bloku: 6.0.

Nikamwambia utingo amulike tochi chini ya giaboksi wakati dereva anapiga. Chesisi yote ilikuwa imelowa umande, inang’aa. Pale ukanda ulipokaa, kuzunguka kichwa cha bolti, palikuwa pakavu, duara la ukubwa wa sahani ya chai, na mvuke mwembamba ulikuwa unapanda kutoka hapo kama kikombe kilichomiminwa sasa hivi. Sihitaji kueleza zaidi. Nguvu iliyotakiwa kuzungusha injini ilikuwa inachemsha bolti.

Ili dereva aone kwa macho yake, nilichukua waya mmoja tu wa kubusti, nikaubana kwenye hasi ya betri, ile ya mwisho iendayo kwenye chesisi, na mwisho mwingine kwenye ringi nene ya kunyanyulia injini. Hapa tahadhari: ukikosea ukabana kwenye hasi ya betri ile nyingine, inayoungana na chanya ya mwenzake, umepeleka volti 12 moja kwa moja kwenye bodi na utaona moto. Nilipohakikisha, nikamwambia apige. Stata ikazunguka kwa sauti nyingine kabisa, ya haraka, yenye hasira. Moshi mweupe ukatoka kwenye ekzosi, injini ikagonga gonga, mara ya pili ikashika. Utingo akapiga makofi. Dereva alishuka, akauangalia ule waya mmoja, akauliza, “Ni huo tu?”

Ni huo, karibu wote. Lakini swali la mzee lilikuwa bado halijajibiwa: kwa nini Makete na si Dar?

Kiungo kibovu hakiwi na hasara moja ya kudumu. Kinakula volti kulingana na umeme unaopita: umeme ukiongezeka, hasara inaongezeka. Dar kwenye nyuzi 30 oili ni nyepesi, injini inazunguka bila kubembelezwa, stata inavuta umeme wa wastani, na kile kiungo kinaiba volti chache ambazo hakuna anayezikosa. Tandala kwenye nyuzi 4 oili imekuwa nzito, stata inavuta zaidi, na mwizi naye anachukua zaidi, saa ile ile ambayo betri yenyewe, kwa ajili ya baridi, haina nguvu zake zote.

Kisha kuna dizeli. Injini ya dizeli haina cheche, inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Ukiipa hewa ya nyuzi 27 na ukaigandamiza mara 17, kwa hesabu ya kawaida inafika kama nyuzi 430. Ukiipa hewa ya nyuzi 4 inaishia karibu 375. Ukipungukiwa nyuzi moja mlangoni unapungukiwa zaidi ya mbili huko ndani. Hesabu hiyo nayo inadhani pistoni inapanda haraka. Ikipanda kwa kujivuta, joto linaingia kwenye kuta baridi za silinda na hewa inapenya kwenye ringi za pistoni kabla haijafika juu. Na kule kwenye mita 2,000 hivi hewa yenyewe ni pungufu kwa kiasi cha moja ya tano ukilinganisha na pwani. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho injini ya dizeli inakidai kwenye baridi ni kuzungushwa kwa kasi. Nozeli mpya hazisaidii injini inayozunguka kama jiwe la kusagia.

Baada ya kulizima na kulegeza waya wa hasi kwenye betri, nilifungua ule ukanda. Upande wa chesisi ulikuwa umefungwa juu ya rangi nyeusi mpya. Upande wa giaboksi nyuzi zaidi ya nusu zilikuwa zimekatika, zilizobaki zimeota ukijani. Dereva akakumbuka: mwezi wa tatu klachi ilibadilishwa, giaboksi ikashushwa, na chesisi ikapigwa rangi kidogo ili ipendeze. Aliyerudisha bolti aliikaza vizuri sana, lakini aliikaza juu ya rangi, na umeme ukabaki kupita kwenye meno ya bolti tu.

Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nikae chini kabisa pale kwenye majani. “Lakini kaka, mbona tangu mwezi huo huo waya wa mafuta nimebadilisha mara mbili? Unakuwa mgumu, ukiutoa, gamba lake la plastiki limeyeyuka.”

Umeme ukikosa mlango unatafuta dirisha. Ganda la chuma la waya wa mafuta, yaani waya wa akselereta, limeshika kabini upande mmoja na injini upande wa pili. Kila alfajiri stata ilipolia, sehemu ya ule umeme ilikuwa inarudi nyumbani kupitia waya usiozidi unene wa penseli, ukachemka, plastiki ikayeyuka, waya ukanata. Waya wa mafuta unaonata kwenye miteremko ya Kitonga ni habari nyingine ya kutisha. Ushahidi ulikuwepo tangu mwezi wa tatu, umelipiwa mara mbili, ila ulikuwa kwenye risiti ya duka la vipuri, wakati sisi wote tunatazama betri.

Kazi yenyewe haikuchukua saa mbili. Nilikwangua rangi na kutu mpaka chuma kikawa cheupe, pande zote mbili. Nilikuwa nimebeba waya wa shaba wa milimita za mraba 70 na vichwa vya kubana, nikatengeneza ukanda mpya kwenye sehemu ya ule wa zamani, na mwingine wa pili kutoka bloku moja kwa moja hadi hasi ya betri. Washa ya meno chini ya kila bolti, kukaza, halafu grisi juu ili maji yasiingie. Rangi ipakwe baadaye, juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa, siyo chini yake. Gharama yote haikufika robo ya bei ya betri moja.

Mambo mengine mawili yalijitokeza njiani. Alteneta nayo imefungwa kwenye injini, kwa hiyo umeme wake wa kuchaji ulikuwa unapita kwenye ule ule ukanda mbovu. Kabla sijaufungua, injini ikiunguruma, nilipima 28.1 kwenye alteneta na 27.2 kwenye betri. Betri mpya za mwezi wa tano zilikuwa hazijawahi kushiba hata siku moja. Baada ya kazi zilipata 27.9. Na hita ya manifoldi ilikuwa haipati kitu. Kuna mtu aliutoa waya wake akaufunga utepe, kwa maelezo kwamba unakula betri. Ni kweli unakula, umewekwa ili ule. Kwa ethi ile, hata angeuacha, hita isingepata haki yake yote. Niliurudisha, nikasikiliza relei ikigonga, nikaweka kiganja kwenye manifoldi baada ya nusu dakika: vuguvugu. Nikamwelekeza dereva asubiri taa ya hita izime kabla ya kupiga stata, na kwamba tangu leo asikubali mtu ampulizie petroli au dawa ya kuwashia kwenye mdomo wa hewa. Hita ikiwa ya moto, mvuke huo unalipuka kwenye manifoldi usoni kwa anayepuliza.

Oili niliitazama kwa kijiti. Ilining’inia, ikafikiri, ndiyo ikadondoka. Walikuwa wanatumia namba 40 kavu, inayofaa kabisa kwa joto la pwani. Ya 15W-40 ikishapata moto ni namba 40 ile ile. Ile 15 yenye herufi W ndiyo inayosema itakavyokuwa kwenye baridi. Kwa gari linalolala Makete leo na Dar kesho kutwa, hiyo ndiyo oili. Lakini sikuibadilisha siku ile kwa makusudi. Nilitaka kujua ukanda peke yake umeponya nini.

Tukalala tena. Asubuhi ya pili kipimajoto kilisoma nyuzi 3, baridi kuliko jana yake. Hakuna jiko, gari liko tambarare. Taa ya hita ikawaka, ikazima. Dereva akapiga: 22.6 kwenye betri, 21.9 kwenye stata, 0.4 kwenda, 0.3 kurudi. Injini ilishika mkono wa kwanza, ikatoa moshi mweupe kwa dakika moja, ikatulia.

Kama ule waya wa kubusti usingebadilisha kitu, ningekwenda njia nyingine, na ni vizuri niiseme kwa wenye magari ya aina hii. Stata ikizungusha kwa kasi na ekzosi haitoi moshi wowote, dizeli haifiki: tafuta hewa kwenye mabomba, hasa kwenye pampu ya mkono na viungo vyake, kwa maana raba ikisinyaa usiku kwa baridi inafyonza hewa, na mchana ikipata joto inaziba. Ikizungusha kwa kasi na moshi mweupe mzito unatoka bila kuwaka, dizeli inafika ila joto halitoshi: hita, kampresheni, nozeli, kwa mpangilio huo. Kikombe cha filta nilikifungua pia. Dizeli ilikuwa safi, haina ukungu, na maji niliyoyatoa chini hayakujaza kifuniko cha soda.

Lori lilipita tena Makambako mwezi wa nane, tukaweka 15W-40. Waya wa mafuta ulikuwa laini, gamba lake zima. Mzee naye alinipigia kuuliza kuhusu zile betri mbili za zamani alizozitoa mwezi wa tano kwamba zimekufa; zilikuwa bado kwenye stoo yake. Nikamwambia azichaji taratibu usiku kucha, aziache siku mbili, halafu azipime. Moja ilikataa. Nyingine ilibaki na volti 12.6, na sasa inawasha taa nyumbani kwake umeme ukikatika.